Mwisho wa Filme ya Mfinyanzi

Chadia ni fundi wa cherehani karibu na soko la Kasongo, na nusu ya watu wanaoingia kibandani mwake hawaleti kitambaa. Wanaleta simu. Mtu amejaza karte memwari, kile kikadi kidogo cha simu, filme za zamani za kung fu, hazina majina, ni namba tu, naye anataka kujua ipi ni ipi. Chadia haishiki simu. Anaendelea kukanyaga cherehani na kusikiliza kwanza.

"Hizi ngumi zinalia sawa mbao mbili," atasema. "Sasa nionyeshe ule muzee. Unaona mustari juu ya uso wake? Ni wigi hiyo. Na ile nyumba ya kulia chakula, yenye ngazi ya kushoto, wameivunja mu filme zaidi ya kumi. Hii ni ya mapacha wawili. Angalia, iko muzuri."

Wakimuuliza anajuaje nzuri na mbaya, anajibu kwamba mpiganaji wa kweli utamwona mzima, kutoka miguu hadi kichwa, na picha haikatwi. Wakikuonyesha mkono tu, kisha uso tu, jua kwamba yule mtu hajui kupigana. Yeye mwenyewe hapendi damu. Anapenda sehemu za mazoezi, mwanafunzi anapopandisha maji mlimani siku baada ya siku bila kuambiwa kwa nini. Hapo hata mguu wake unasimama juu ya cherehani, na si kitu cha kawaida, kwa maana Chadia ni mtu asiyetulia. Anaanza gauni, analiacha kwenye mkono wa pili, anatoka nje, anarudi. Mumewe Moussa, mwenye duka la sabuni na chumvi jirani, amechoka kumwambia, "Mama, kaa basi."

Kutotulia huko kulikuwa na chanzo chake, na Moussa alikuwa hakijui.

Miaka ya tisini, kaka yake Chadia, Lukumani, alikuwa na sine ya kasete, akionyesha filme kwa televisheni katika nyumba ya udongo yenye mabenchi. Filme zilisema Kichina au Kiingereza, na hakuna aliyeelewa. Chadia, wakati huo msichana wa miaka kumi na saba, ndiye aliyezisimulia kwa Kiswahili kwa mikrofoni. Baba yao hakutaka binti yake aonekane mbele ya wanaume, kwa hiyo Chadia alikaa nyuma ya pazia na kutazama kupitia tundu. Watu waliijua sauti, hawakuujua uso. Lugha za filme hata yeye hakuzijua. Aliangalia macho ya watu na mikono yao, akasema kile alichoona wanasema.

Filme iliyopendwa kuliko zote ililetwa mwaka ule vita ya pili ilipofika. Ilikuwa habari ya mwalimu mzee anayefinyanga vyungu. Mwanafunzi wake aliyemlea kama mtoto anaiba siri ya mapigo yake na kumpelekea mkuu wa majambazi. Siku ya kwanza kuonyeshwa, watu walijaa mpaka dirishani. Mzee alikuwa amemfukuza mwanafunzi hadi kando ya mto, mkono umeinuliwa, na hapo utepe wa kasete ukakatika. Skrini ikawa nyeupe.

Watu wakaanza kupiga mabenchi. Lukumani akaingia mbio nyuma ya pazia. "Sema kitu, Chadia. Watanivunjia nyumba."

Chadia akashika mikrofoni akasema. Alisema mwanafunzi amepiga magoti majini. Alisema mzee ameushusha mkono, amemwinua, wamerudi nyumbani bila neno, na mzee amemwekea udongo mbele yake na kumwambia: kaa, kazi ya jana haijaisha. Sine yote ikanyamaza mbele ya skrini nyeupe. Wengine walitoka wakifuta macho.

Wiki mbili baadaye askari walichukua televisheni na grupe ya kutoa umeme. Lukumani akakimbilia Kalemie, akabaki huko. Lakini ule mwisho ulibaki Kasongo. Chadia aliusikia sokoni, kwenye msiba, kwa wanawake wakisuluhisha mtu na mdogo wake. Kila alipousikia, aliinuka akaondoka. Aliwadanganya, na yeye mwenyewe hakujua ukweli. Miaka ikapita, akazaa, akazeesha cherehani mbili, na katika kila simu iliyoletwa alikuwa anatafuta yule mzee wa vyungu.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, aliingia motari mmoja, mbebaji wa abiria kwa pikipiki, Joël, aliyetoka Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuja kushonewa begi. Simu yake ilikuwa inacheza kipande kifupi: mzee anapigana na watu wanne huku mguu wake ukizungusha gurudumu la kufinyangia, na chungu hakianguki.

Chadia alisimama hata kiti kikaanguka. "Simamisha hapo! Umetoa wapi hii?"

"Kwa Dominique, Salamabila. Iko na sine kule, na diske imejaa hizi za zamani. Majina hakuna. Yeye mwenyewe anatafuta mutu wa kuzitambua."

Jioni ile Chadia alimweleza Moussa yote, kuanzia pazia. Moussa alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Barabara ile, mvua hii, kwa sababu ya filme?"

"Kwa sababu ya mwisho wake."

"Na ukiuona?"

Chadia akaanza kukunja nguo za safari. Kesho yake alipanda nyuma ya pikipiki ya Joël. Walipita Lusangi, wakateleza, wakasukuma, wakalala Kabambare kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Huko Chadia alizunguka uani kwa wenyeji wake asubuhi nzima hadi mama mwenye nyumba, Cécilia, akamwuliza kama ana mgonjwa Salamabila.

Walifika siku ya tatu mchana. Sine ya Dominique ilikuwa turubai na bati nyuma ya mahali pa kuchaji simu, imejaa wachimbaji wa dhahabu wenye udongo mpaka kwenye nyusi. Dominique, kijana mnene mwenye sauti laini, alifurahi kumpata.

"Mama, anza na yoyote unayotaka."

"Weka ile ya vyungu. Na unipe mikrofoni."

Hakujificha safari hii. Alisimama kando ya skrini na kilemba chake, mbele ya wanaume wote, akasimulia. Sauti ilirudi kama vile haikuwahi kuondoka. Wachimbaji walicheka alipotaka wacheke. Mto ulipotokea, alisogea karibu na skrini. Mzee akainua mkono. Mwanafunzi hakupiga magoti. Mzee akampiga kifuani pigo moja, kijana akaanguka majini, picha ikaganda mkono ukiwa bado hewani, maandishi mekundu yakapanda. Basi.

"Amemuua," Chadia alisema kwenye mikrofoni.

"Hapana!" Mtu mmoja alisimama katikati. Alikuwa wa umri wa miaka arobaini hivi, mwembamba, na taa ya kuchimbia bado kichwani. "Haiko hivi! Hii wameikata. Mimi niliiona Kasongo nikiwa mutoto. Muzee alimusamehe. Walirudi kwa nyumba, akamupa udongo."

"Emile, kaa chini," wenzake walimwambia.

"Sikai! Niliona na macho yangu!"

"Hukuona," Chadia alisema. "Ulisikia. Kasete ilikatika, skrini ilikuwa nyeupe. Sauti ile ilikuwa yangu. Nilitunga."

Emile akawapita watu, akatoka nje. Chadia akamwachia Dominique mikrofoni, akamfuata. Alimkuta kando ya pikipiki, anawasha na kuzima taa yake.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Mama, unajua nilifanya nini siku ile?" Hakumwangalia. "Nilikuwa nimeuza baiskeli ya baba. Miezi miwili nalala kwa marafiki. Nilipotoka mule mu sine nilienda nyumbani moja kwa moja. Nikapiga magoti kwa mulango."

"Na baba?"

"Alinipiga kwanza." Emile akacheka kidogo, bila kutaka. "Kisha akamwambia mama aniletee chakula. Vita ilipoingia, tulikimbia pamoja. Alikufa porini, mimi nikiwa karibu. Kama ningeona hii ya leo, nisingerudi. Sasa sijui nikushukuru ao nikutukane."

"Vyote viwili iko haki yako," Chadia alisema.

Emile akazima taa, akauliza, kama mtoto, "Ule mwisho uliutoa wapi?"

Chadia alifikiri kweli. "Sijui. Watu walikuwa wanapiga mabenchi, niliogopa. Nikasema kile ambacho mimi ningetaka."

Waliporudi ndani, wachimbaji walikuwa wanagombana. Wengine walisema mzee amefanya vizuri, msaliti ni msaliti. Wengine walitaka mwisho wa Emile. Mmoja alimwomba Chadia ausimulie wote, wausikie. Alikataa. Emile ndiye aliyeusimulia, kwa sauti mbaya, akisahau vitu na kurudi nyuma, na aliongeza mvua ambayo Chadia hakuwahi kuitia.

Chadia alitegemea kwamba atalala usingizi mzuri baada ya hapo. Haikuwa hivyo. Siku mbili alimtambulia Dominique filme mia na kitu, akimwandikia kwenye daftari: hii ya mapacha, hii ya mlevi wa uongo, hii tupa. Siku ya tatu, diske ikiwa bado nusu, alimwambia Joël awashe pikipiki. Barabarani alikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa juu ya mtu yeyote. Yule mzee angeweza kuushusha mkono. Ilibaki kidogo tu. Aliwaza pia kwamba hata yeye, akiwa na mikrofoni mkononi, alikuwa amesema ukweli wa picha upesi mno, kabla watu hawajapumua.

Siku hizi anasimulia tena. Sine moja ya Lusangi humwita kila mwezi, na Moussa hamzuii. Safari iliyopita alikwenda naye, akakaa mbele kabisa, akapiga makofi mahali pasipostahili. Chadia haanzi filme yoyote kabla ya kuitazama peke yake mara mbili hadi mwisho. Anasema kilichopo. Lakini skrini ikishazimika hawaruhusu watu kuondoka mara moja. Anawauliza wangefanya nini wao, na wanajibu wakigombana hadi nje, na yeye anatembea katikati yao na kilemba kimelegea, akimwuliza huyu, akimkatiza yule, hana hamu ya kukaa.