Leonia Aenda Tabora na Sindano Zake

Kwaya ya watoto ya Ipole ilialikwa kuimba Tabora mjini, siku tatu, kulala mbili. Kwa mzazi mwingine hiyo ni habari ya kufua gauni na kusaka viatu. Kwa Yustina ilikuwa habari ya kukosa raha wiki nzima, maana bintiye Leonia, wa miaka kumi na mmoja, ana kisukari, na tangu atoke hospitalini hajawahi kulala mbali na mama yake. Aende, asiende? Julieth, mwalimu wa kwaya, alitaka jibu kabla ya Ijumaa.

Yustina si mwoga, msimwelewe vibaya. Huyu ni mama anayeua nyoka kwenye kitalu cha tumbaku kwa mpini wa jembe huku anapiga soga na jirani. Lakini kisukari kilimwingia mifupani. Miaka mitatu nyuma mtoto alianza kunywa maji bila kukoma, akakojoa kitandani, akakonda mpaka gauni la Pasaka likawa linamvuka. Wengine wakasema minyoo, wengine wakasema kijicho. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui. Daktari akaeleza kwamba mwili wake umeacha kutengeneza insulini, si kosa la mtu wala si pipi alizokula, na atahitaji sindano kila siku.

Basi Yustina akarudi nyumbani na kufanya kosa ambalo ni sisi watu wa Ipole tu tungelifanya. Mumewe, Zablon, ni mrina asali. Ndoo za asali zilikaa chini ya kitanda, na mgeni haondoki hapo hajalamba. Yustina akazitoa zote, akazihamishia kwa shemeji yake ng'ambo ya mashamba, na sukari ya chai nayo akaifukuza. Wageni waliondoka midomo mikavu, wakinung'unika njia nzima.

"Wanune tu!" alisema.

Nesi Flavia wa zahanati alikuwa amemwambia wazi: kitu kitamu kisikose ndani, siku sukari ya mtoto ikishuka ndicho kitakachomwokoa. Yustina aliitikia "ndiyo, nesi", kama tunavyoitikia wote. Moyoni alisema, mgonjwa wa sukari nimwokoe kwa sukari? Wapi na wapi!

Siku hiyo ikafika. Leonia alichomwa sindano yake ya asubuhi, uji akauacha nusu, akaenda kuchota maji mara tatu. Akaingia ndani anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Yustina akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Mbili nukta saba. Imeshuka! Akapekua nyumba nzima, hakuna hata chembe. Nyumba ya mrina asali, jamani! Akamwacha mtoto mikononi mwa Zablon, akakata mashamba mbio, pekupeku, khanga ikamdondoka asiiokote.

Alirudi na kikombe cha asali. Ashukuriwe Mungu, mtoto alikuwa bado anaweza kumeza. Vijiko vitatu, robo saa ya kushika roho mkononi, kipimo tena: nne nukta nane. Kisha ugali na maharage. Leonia akamtazama mama yake.

"Mama, mbona unalia?"

Jioni hiyohiyo ndoo zikarudi. Yustina naye akarudi zahanati kuanza darasa upya, safari hii kwa masikio yote mawili, Leonia kando yake. Na ni Leonia aliyeshika haraka: kupima, kuvuta dawa kwenye sindano, kubadilisha mahali pa kuchoma, kuhifadhi kichupa cha dawa kwenye chungu chenye mchanga mbichi, kisipate joto.

Sasa ilikuwa Alhamisi na jibu halijatoka.

"Mama Leonia, mwache mtoto aende," alisema Zablon. "Au utamfuata mpaka kwa mumewe?"

"Nitamfuata!"

Leonia akakaa mkekani mbele yake. "Mama, niulize."

"Ukianza kutetemeka?"

"Napima, nalamba asali vijiko vitatu, nasubiri robo saa, napima tena. Halafu nakula."

"Ukiumwa, ukatapika?"

"Sindano siachi. Namwambia Mwalimu Julieth, tunakwenda hospitali."

"Wenzako wakinywa soda?"

"Naomba maji. Mama, mimi nataka kuimba."

Yustina akaishiwa maswali. Alitaka sana kupata jingine, hakulipata.

Ijumaa asubuhi kosta ikaondoka. Leonia alikuwa dirishani, chupa ya chai yenye maji baridi mapajani, dawa imo ndani imefungwa kwenye nailoni. Mwalimu Julieth alipewa maelekezo mara nne, ya tano akayamalizia mwenyewe. Yustina alicheka, kisha akaingia ndani akalia, kisha akacheka tena.

Jumamosi mchana simu ikaita.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba! Umepima? Umechoma? Umekula?"

"Saba nukta moja. Nimechoma, mwalimu ameona. Nimekula ugali na mchicha. Na wewe, mama, umekula?"

Yustina akaitupia jicho sufuria iliyofunikwa. Tangu jana asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani zaidi ya maji.

"Mama?"

"Bado, mwanangu."

"Haya, kula sasa hivi. Nasubiri, sikati simu mpaka nisikie unatafuna."

Na Yustina, simu sikioni, akafunua sufuria.