Paa Husomwa Kutoka Ndani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mtaa wa Bondeni na nyundo mpya na kiburi kingi. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya nyumba moja ya zamani, nami nikapanda ngazi kabla ya kuambiwa. Nyapara wetu, mtu mfupi wa sauti kubwa, akanikuta katikati.

"Shuka, kijana! Bati limelowa, unataka tukubebe na machela? Ingia ndani, funga mlango, uangalie juu."

Gizani mle, kila tundu lilijionyesha kwa mwanga wake. Nyapara akaingia, akayazungushia alama kwa chaki iliyofungwa kwenye ufito. Akanifundisha pia kwamba msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni mwake, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Sijapata kuona fundi kama yule.

Baadaye nikawa nyapara mwenyewe, Olenguruone. Upepo wa huko hauna adabu. Tulianza kuezeka upande usikotoka upepo, ili kila kiungo cha mabati kiupe upepo mgongo. Wenye nyumba waliopakia mawe juu ya paa, mawe ambayo dhoruba huyaangusha vichwani mwa watu, niliwagombeza bila huruma, na jioni nikimsimulia mke wangu yote, hata akichoka kusikia.

Sasa nimestaafu, niko Rongai, goti moja limekataa kazi. Mwaka huu dhoruba ilifunua upande wa jikoni kwetu, na mawingu mengine yakawa yanakuja. Nikachukua ngazi. Mke wangu akaishika kwa mikono miwili.

"Baba Nekesa, shuka. Fundi nimeshampigia, atakuja bati likikauka."

"Nyumba itajaa maji, mathe!"

"Vitu nimetoa. Ingia ndani, funga mlango."

Ndani nikakuta ndoo zimepangwa, magunia ya mahindi yamehamishiwa sebuleni, na alama za chaki juu kwenye mabati yaliyobaki, moja kwa kila tundu. Ufito ulikuwa umeegemea ukutani. Karibu alama zote zilikuwa bondeni mwa bati, kwenye misumari niliyoipiga mwenyewe nikikimbilia kazi za watu. Niliona haya, kusema kweli.

"Haya mabati tutanunua mengine," akasema. "Wewe nitakununua wapi?"

Nikaketi chini ya alama zake, nikamngoja fundi.