Kiti cha Majoka na Buibui la Mama

Kila nisikiapo harufu ya udi, chini yake huisikia nyingine, ya ubao unaoungua. Nisikilizeni kwanza, kisha mtanihukumu.

Baba alikuwa dereva wa familia moja huko Nuzha, Jidda, na Mama alifanya kazi ndani ya nyumba hiyo hiyo. Sebuleni palikuwa na kiti cha Kichina cha mbao ngumu, cheusi kama kahawa, kilichonakshiwa majoka yenye makucha na mawingu yaliyojikunja. Madam, mwenye nyumba, alikirithi kwa marehemu babake. Mama alikisafisha kwa brashi ndogo, joka moja baada ya jingine, nami nilicheka kuona majoka yanapigwa mswaki.

Nilipokuwa na miaka minane Bibi aliugua kule Mombasa, na Mama akaruhusiwa kwenda kumwona. Alasiri ya kuamkia safari, nikataka kumfukizia buibui lake kama afanyavyo Bibi: chetezo cha makaa na udi chini ya kiti cha kamba, nguo juu yake, moshi upenye kwenye matundu. Nikaona kiti ni kiti. Nikasukuma chetezo chini ya majoka, nikatandaza buibui hadi sakafuni.

Kiti kile hakikuwa na tundu hata moja. Moshi ulizunguka pembeni, lakini moto ulipanda moja kwa moja. Nikasikia kach! Kiti kilikuwa kimepasuka katikati, na uvunguni kimeungua. Nikabeba buibui na chetezo, nikakimbilia jikoni.

"Nani kafanya hivi?" Madam alifoka.

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni.

"Ni mimi, madam," Mama akajibu. "Nilipitiwa."

"Halas! Mafi safari!" Basi, safari ya Mama ikafutwa papo hapo.

Jioni, chumbani kwetu uani, Mama alikunja buibui lake alirudishe sandukuni. Akalinusa. "Umefukiza vizuri, mwanangu. Kama Bibi yako." Akanitazama kitambo. Nikafurahi kusifiwa, nikaomba chai.

Wiki ya tatu Bibi alifariki, na Mama hakuwahi hata kumzika. Wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe nilikuwa nimenyamaza.

Nilipoanza kumlea binti yangu ndipo nilipoelewa. Mama hakuwa akinisifu tu siku ile. Alikuwa amenifungulia mlango niseme, naye alisubiri, na mimi nikaomba chai. Hadi leo sijamwambia.