Mashati Mawili, Mashati Kumi na Moja

“Bi Fundi, eti mkweo ndiye aliyekuliza vile?”

Jirani wa mlango wa pili aliuliza hivyo miezi miwili iliyopita, akiwa na bakuli la unga mkononi. Unga umeshaliwa. Swali bado limo ndani ya nyumba.

Saa moja asubuhi, Bi Fundi ameketi mlangoni pake. Ameinua sindano kwenye mwanga, jicho moja kalifumba, ncha ya uzi kailowesha mate. Uzi unapita pembeni. Anajaribu tena. Mara ya saba anailaza sindano mezani, anasubiri mpita njia.

“Macho yangu yalikuwa mkamwana wangu,” anasema mjane huyu wa miaka sitini na miwili, mshonaji wa sare za shule kwa miaka thelathini na mmoja. Cherehani anaimudu kwa mazoea. Vifungo huvishona kwa mkono, na hapo ndipo penye kazi. “Kila asubuhi kabla hajaenda sokoni alinitungia sindano kumi, akazichomeka kwenye kimto hiki. Ananiambia, ‘Mama, zikiisha hizi ufunge kazi, usiende kuazima macho ya watu.’”

Siku hizi anayaazima.

Watu wa televisheni walikuja na kipindi chao cha familia. Walisema wanaonyesha maisha yalivyo, hakuna kuigiza. Walikaa siku nne, na tangu siku ya kwanza waliwaagiza yeye na mkamwana wavae nguo zilezile mpaka mwisho.

“Nikadhani wanapenda unadhifu,” anasema. “Nikawa nafua gauni jioni, asubuhi nalivaa na unyevu wake.”

Jumatatu, mkamwana alimwambia mbele ya kamera, “Mama, macho yanakuuma. Iache hiyo cherehani upumzike, tutakula changu.” Alhamisi, mwongozaji akamuuliza Bi Fundi habari za marehemu mumewe, aliyemnunulia cherehani hiyo. Akalia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa.

Kipindi kiliporushwa, mkamwana alisikika akisema, “Iache hiyo cherehani.” Basi. Papo hapo Bi Fundi akaonekana analia.

“Mimi kazi yangu ni kukata na kuunga, nikaona walipounga,” anasema. “Kwa nguo zilezile, Jumatatu na Alhamisi zikaonekana siku moja. Ila wakati anasema, kwenye kamba nyuma yangu yananing’inia mashati mawili. Wakati nalia, yapo kumi na moja. Tangu lini mashati yakazaa kwa kufumba na kufumbua?”

Alimpigia mwongozaji simu. Jibu lake analo mpaka leo: “Mama, machozi si yako? Sisi hatukukumwagia maji usoni.”

Sokoni, mkamwana huuza vitunguu. Wanunuzi walimwambia, “Nipimie kilo moja, ila usinilize kama mkweo.” Wengine walimruka, wakanunua meza ya jirani. Wiki ya tatu alifunga mizigo, akahamia kwa dada yake. Mumewe, mtoto wa pekee wa Bi Fundi, yuko kazini mbali, na simu zake zimekuwa fupi.

Kwa Bi Fundi mambo yalikwenda kinyume. Unga uliingia, sukari ikaingia, na sare za kushona zikapanda kutoka arobaini hadi sabini kwa mwezi.

“Sikuwahi kuhurumiwa hivyo tangu nifiwe,” anasema, akinyoosha pindo lililokwisha kunyooka.

Mchana huu mkamwana amekuja kuchukua blanketi lake. Anaamkia, anaitikiwa, hakai. Bi Fundi anafungua kipindi kwenye simu na kuhesabu mashati kwa kidole, polepole, mawili, halafu kumi na moja.

“Umeona, mwanangu?”

“Nimeona, mama.”

“Basi rudi. Siku ya ibada nitasimama mbele ya wote niwahesabie. Nimeshamwomba kiongozi wetu nafasi.”

Mkamwana anakunja blanketi, pembe kwa pembe.

“Mimi nilijua siku ileile kwamba wamekata,” anasema. “Nilikuwepo. Ninachokuuliza ni kingine. Jirani alipokuja na unga wake akakuuliza kama ni mimi niliyekuliza, ulimjibu nini?”

Bi Fundi anaitazama sindano iliyolala mezani.

“Nilimwambia Mungu ndiye ajuaye.”

“Na wewe, mama, ulikuwa hujui?”

Bi Fundi anarudia kunyoosha pindo. Mkamwana anangoja kidogo, kama mtu aliyegonga mlango na kusikia nyayo ndani. Kisha anaweka blanketi begani, anaipita meza yenye sindano isiyo na uzi, na kutoka nje.