Mguu Ninaosifiwa Si Wangu

Admin, nifichie jina. Nina miaka sabini na moja, naishi Tabora mjini. Anayeniandikia haya ni jirani, maana mjukuu wangu sitaki ajue kwanza.

Huyo mjukuu ni mwanamuziki. Kwenye video yake mpya wacheza shoo wote wanaburuza mguu mmoja, halafu wanauinua ghafla na kutikisa bega. Watoto wa mtaani wote wanaiga. Kila anakohojiwa anasema, "Mtindo huu kautunga bibi yangu." Jumamosi anakuja na kamera nieleze nilivyoutunga. Jamani, sikuutunga mimi.

Enzi za ujamaa tulihamishiwa kijiji kipya upande wa Usoke, nikapata shoga, Nyamizi. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu utotoni. Kwenye kikundi chetu cha ngoma hakuuficha. Aliuburuza kufuata mapigo, akauinua, bega likajibu. Watu waliacha tumbaku yao wakaja kumtazama. Mimi nilikuwa na sura tu, na wivu ukanijaa.

Tukaambiwa wageni wa serikali wanakuja na wapiga picha za sinema. Nikamwendea mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, mwenyekiti. Hivi kweli tumweke kiwete mbele ya wageni? Si watatucheka?"

"Marahaba. Basi utakaa mbele wewe," akanijibu.

Nyamizi akapangiwa kupika ugali wa wageni. Mimi nikacheza mtindo wake, nikiburuza mguu wangu mzima, naye akinitazama kutoka jikoni, mwiko mkononi. Hakunisema. Ila hakucheza tena, hata harusini kwangu. Siku ile nilipigiwa makofi nikafurahi. Machozi yamekuja uzeeni, na hayakauki.

Nikisema ukweli, mjukuu wangu ataonekana mwongo mbele ya watu, na kosa si lake; mimi ndiye niliyemfundisha nikamwambia ni wangu. Nikinyamaza, nitakuwa nimemwibia Nyamizi mara ya pili.

Juzi nilitafuta namba ya mwanawe, nikapiga. Nyamizi yu hai, akapewa simu. Nilianza kulia kabla ya salamu. Akanisubiri nimalize, kisha akasema kwa upole ulionichoma kuliko tusi:

"Shoga, video wajukuu wamenionyesha. Wanacheza vizuri. Ila wanaburuza wa kulia. Wangu ni wa kushoto."

Akakata simu.

Ndugu zangu, Jumamosi ni keshokutwa. Kamera ikiwashwa, niseme nini?