Saa Sita Chini ya Saa ya Bunia

Sikiliza, wewe uliyebaki nyumbani Boga, nikueleze kwa nini mwaka ule niliondoka nyama ya Noeli ikiwa bado jikoni. Dada yangu mkubwa, Furaha, alinitumia neno: "Njoo siku inayofuata Noeli, saa sita mchana, chini ya saa. Usipokuja, nitajua sina kaka." Vita vilimfukuza mpaka Ngezi, mtaa wa Bunia. Mume wake alipofariki, sikufika kwenye matanga. Barabara ilikuwa imefungwa, naye hakuamini.

Alfajiri nilipanda pikipiki. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini dereva bado alipunguza mwendo kwenye kila kona. Kwenye bariyeri ya mwisho, kamba iliyokatiza barabara, askari alisema, "Bonne année, papa!"

"Mwaka mpya bado siku sita."

"Basi nipe ya Noeli."

Nikampa chapati, akashusha kamba.

Bunia nilifika saa sita kasoro kidogo kwa saa yangu ya mkononi. Saa hiyo kubwa iko ukutani mwa duka la zamani, tangu wakati wa Wabelgiji. Siku hiyo jamaa zilizotawanywa na vita hukutana chini yake, kila moja na sufuria yake, na kifuniko hakiguswi mpaka wote wafike. Nilitafuta uso wa dada yangu, sikuuona. Juu, mishale ilionyesha saa tano. Nikasema moyoni: hata hii iliuawa na vita.

Nusu saa baadaye nilimwita dereva twende. Mama mmoja mpiga picha, kamera shingoni, akanizuia.

"Papa, unakimbia wapi?"

"Dada amenikataa. Saa sita imepita."

"Unatoka Boga?" Akacheka. "Batu ya Boga! Kila mwaka ni vile. Saa yako iko ya Uganda. Angalia ule mushale, unatembea. Siye hapa, saa sita bado."

Ni kweli: kwetu, kwa sababu ya soko la mpakani, tunafuata saa ya ng'ambo, iliyo mbele kwa saa moja, nami nilikuwa nimesahau. Nikaketi.

Saa ilipogonga sita, Furaha alitokea na sufuria kichwani. Akasimama ghafla.

"Weye? Umenitangulia? Mama alikungoja mwezi muzima, na bado ulichelewa kuzaliwa!"

"Nimekungoja saa nzima, yaya," nikamwita kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu.

Alinitazama sana. "Basi ile mara ya matanga, barabara ilifungwa kweli?"

"Kweli."

Akatua sufuria, akaondoa kifuniko. "Kula. Wali unapoa."

Kesho yake nilirudi Boga kwa barabara ileile. Nilijifunza kwamba anayechelewa machoni pako huenda yuko njiani, katika wakati wake. Kwa hiyo, ukienda Bunia, rudisha saa yako nyuma saa moja. Na usipomkuta ndugu yako, keti, umngoje.