Madam Bathsheba na Samaki wa Karungu

Ukifika kwenye kile chuo cha Homa Bay ukauliza maktaba iko wapi, mwanafunzi atakuuliza kwanza kama unatafuta vitabu au unamtafuta Madam Bathsheba. Ukisema vitabu, atakuelekeza kwa mkono tu. Ukimtaja Madam, atakusindikiza hadi mlangoni.

Bathsheba Ajwang' ni mzaliwa wa Awendo, binti wa mkata miwa. Alipokuwa kidato cha tatu alipata mimba, akaacha shule, akaolewa na Clifford, dereva wa lori la miwa, mwanamume mpole anayependa utani. Kazi aliyoipata ilikuwa ya usafi katika shule ya upili ya wasichana. Siku moja mwalimu mkuu, ambaye alikuwa sista wa Kikatoliki, alimkuta kwenye chumba cha vitabu, ufagio umeegemea begani, macho yamezama katika kitabu cha jiografia. Bathsheba alishtuka, akaanza kufagia upesi upesi mahali palipokwisha fagiwa.

"Kama unasoma," sista akamwambia, "soma ukiwa umekaa."

Sista alimrudisha darasani. Alifanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mama wa watoto wawili, katika ukumbi uleule aliokuwa akiupiga deki. Baadaye akasomea ukutubi, kwanza stashahada, kisha shahada, huku Clifford akiwapikia watoto ugali uliojaa madonge ambao wanaukumbuka hadi leo kwa kicheko.

Alipoajiriwa pale chuoni, alikuta maktaba nzuri isiyo na watu. Waliokuja walikuja kuchaji simu, na majira ya mitihani walikuja kulala. Wakati wa kuandika mradi wa mwaka wa mwisho ukifika, wengi hawakupita hata mlangoni. Walienda saiba, kibanda cha kompyuta kilichokuwa nje ya geti, wakanunua mradi uliokwisha andikwa, wakabadilisha jina na kuuwasilisha.

Bathsheba akaanzisha alichokiita Kliniki ya Utafiti, kila Jumatano mchana. Majuma ya mwanzo aliketi peke yake, akingoja. Hakuna aliyekuja. Basi akaibeba meza yake mwenyewe, akaiweka kwenye ujia wa kuelekea kantini, mahali ambapo lazima kila mwenye njaa apite.

"Kliniki ya nini, Madam? Mnapima malaria?" kijana mmoja akamtania.

"Tunapima maswali. Lete lako."

Yule kijana alicheka, lakini akaketi. Alipoinuka, wengine walikuwa wamesimama nyuma yake na sahani zao mkononi.

Hivyo ndivyo maktaba ilivyoanza kuchangamka. Bathsheba aliweka ubao wa nafasi: mafunzo ya muda mfupi, mikutano ya wanafunzi, mahali pa kufanyia kazi za vitendo. Kila muhula ukikaribia mwisho aliandaa Siku ya Utafiti, wanafunzi wakasimama katikati ya rafu za vitabu na kueleza walichogundua, na mtu yeyote wa mjini akakaribishwa kusikiliza na kuuliza.

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi juu yake ni cha Levis Odoyo.

Levis alikuwa mwaka wa mwisho katika sayansi ya mazingira, kijana mrefu, mkimya, mtoto wa Karungu, kando ya ziwa. Maktaba ndiyo iliyopitisha miradi yote kwenye programu ya kutambua maandishi yaliyonakiliwa, na mradi wa Levis ulitoka umejaa wekundu mwanzo hadi mwisho. Bathsheba akamwita ofisini.

"Levis, ulienda Machakos lini?"

"Machakos, Madam?"

"Mradi wako ni wa maji ya mvua huko Machakos. Umemshukuru chifu wa huko. Umesema alikupokea kwa ukarimu mkubwa."

Kijana akatazama viatu vyake. "Nilinunua, Madam. Pale saiba. Kila mtu ananunua."

"Sijakuuliza habari za kila mtu."

"Tafadhali usipeleke hiyo ripoti. Baba yangu atakufa."

"Ripoti nitaipeleka," Bathsheba akasema. "Hilo siwezi kukuficha. Lakini sitaipeleka nyuma ya mgongo wako. Tutaenda pamoja."

Wakaenda pamoja. Mbele ya kamati ya nidhamu, mkuu wa idara, Dakta Mogire, mtu asiyependa mchezo, alisema sheria iko wazi na kijana afukuzwe. Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Bathsheba hakumtetea Levis kwamba hana kosa. Alisema kosa analo, na liandikwe kwenye rekodi yake. Kisha akaomba kijana apewe nafasi ya kurudia kazi yote upya, juu ya jambo jipya, na akajitolea kumsimamia katika usomaji wake wote.

"Na akikuangusha?" Dakta Mogire akauliza.

"Nitakuja mwenyewe kukuambia."

Levis akasimamishwa muhula mmoja, kisha akaruhusiwa kuanza tena. Siku aliyorudi, alikaa mbele ya meza ya Bathsheba kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hajui kinavyoliwa. Hakuwa na swali lolote. Kila alilolitaja lilikuwa limetoka kwa mtu mwingine.

"Acha vitabu kidogo," Bathsheba akamwambia. "Nyumbani kwenu watu wanabishana juu ya nini?"

"Juu ya samaki wa baba," Levis akasema.

Akaeleza. Baba yake, Mzee Odoyo, alikuwa akifuga ngege katika vizimba ndani ya ghuba ya Karungu, vizimba vya wavu vinavyoelea majini. Asubuhi moja aliwakuta wote wamekufa, matumbo juu. Jirani yake Austine alikuwa na vizimba vyake hapo karibu, na hakuna aliyesikia kwamba amepoteza hata samaki mmoja. Mzee Odoyo akasema Austine amemwaga sumu. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikuwa zikisalimiana. Hata matangani zilikaa mbalimbali.

"Na wewe unaamini nini?"

"Sijui, Madam."

"Basi hapo ndipo tutaanzia."

Alimfundisha kutafuta. Mara ya kwanza Levis aliandika kwenye kompyuta "kwa nini samaki hufa", akaletewa matangazo ya chakula cha samaki na video za mahubiri. Bathsheba alimwonyesha jinsi ya kulivunja swali vipande vipande, kubadilisha maneno, kuyasaka tena. Jinsi ya kutazama mwishoni mwa makala na kufuata marejeo hadi kwa aliyeandika kabla. Makala waliyoikosa, alimwandikia mkutubi mwenzake wa Kisumu aitwaye Marion, naye akaituma. Polepole Levis akaanza kuona kwamba vifo kama vile vimetokea kwingine pia. Upepo mkali ukipiga ziwa lenye kina kifupi, maji ya chini yasiyo na hewa hupanda juu, na samaki aliyefungiwa ndani ya wavu hana pa kukimbilia.

Idara ikamwazima kifaa cha kupima hewa iliyomo majini. Lynnet, mwanafunzi mwenzake, akaenda naye mara kadhaa kushika kamba na kuandika. Lakini vipimo vya leo havikutosha kueleza yaliyotokea siku ile. Ilibidi wafugaji wenyewe wahojiwe, kila mmoja.

"Hata Austine?" Levis akauliza.

"Hasa Austine."

"Baba atanifukuza nyumbani."

"Basi huna utafiti. Una maneno ya upande mmoja."

Bathsheba aliona hofu ya kijana si mchezo. Yeye ni Msabato, Jumamosi haitoi kwa jambo lolote, kwa hiyo Jumapili akavaa viatu vya kutembelea, akaenda Karungu mwenyewe. Mzee Odoyo alimpokea kwa heshima, akamtandikia kiti kitambaa, akamletea chai. Alipoelezwa kilichomleta mgeni, uso wake ukakunjamana.

"Mwanangu akazungumze na muuaji wa samaki wangu?"

"Akazungumze naye, Mzee. Kama ni mwovu, maneno yake mwenyewe yatamshika. Kama si mwovu, nawe utajua."

Mzee alikunywa chai yake hadi ikaisha. "Kwa kuwa wewe ndiwe mwalimu wake, sikatai," akasema. "Lakini asile huko."

Levis akaenda kwa Austine, na hakula. Alirudi chuoni amebadilika. Alifunga mlango wa ofisi ya Bathsheba, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Madam, naye alipoteza samaki. Asubuhi ileile. Aliwazika kabla watu hawajaamka, kwa sababu aliogopa wanunuzi wakisikia hawatamwendea tena. Ninampigia baba simu sasa hivi."

"Weka simu chini."

"Lakini ugomvi utaisha leo!"

"Ulimwahidi nini Austine kabla hajakuambia?"

Levis akaishusha simu polepole. Alikuwa amemwahidi kwamba jina lake halitatajwa kwa mtu. Ndivyo Bathsheba alivyomfundisha kuwaahidi wote.

"Alikuambia wewe kwa kuamini ahadi yako," Bathsheba akasema. "Rudi kwake umwombe ruhusa ya kumtaja. Akikataa, amekataa."

Austine alikataa. Alisema bado aibu ilikuwa inamla. Kwa miezi kadhaa Levis alikwenda nyumbani likizo, akakaa mezani na baba yake, akamsikia akimlaani jirani, na huku anajua. Alimpigia Bathsheba simu zaidi ya mara moja akilalamika kwamba utafiti huu ni mateso. Bathsheba hakumpinga. Yeye mwenyewe, alivyomwambia Clifford, alikuwa hana hakika kama amemfundisha kijana ukweli au amemfundisha ukatili. Lakini hakumruhusu aseme.

Siku ya Utafiti ikafika. Bathsheba alikuwa amewaalika wafugaji wote wa Karungu, akawatafutia usafiri, akapanga viti kati ya rafu. Mzee Odoyo alikaa mbele, kofia juu ya goti. Austine alikaa nyuma kabisa, karibu na magazeti.

Levis alionyesha ramani ya ghuba, mahali penye kina na mahali penye maji mafupi. Alionyesha vipimo vyake. Akasema usiku wa kuamkia siku ya maafa upepo ulikuwa mkali, na kwamba baba yake si peke yake. Mfugaji mwingine, mwenye vizimba katika ghuba hiyohiyo, alipoteza samaki wake asubuhi hiyohiyo.

Mzee Odoyo akasimama hapo hapo. Aliuliza kwa Dholuo, na Bathsheba akatafsiri kwa ajili ya wageni.

"Anauliza, huyo mfugaji ni nani?"

Levis alimtazama baba yake. "Siwezi kusema, Baba. Nilimpa neno langu."

"Mimi ndimi baba yako."

"Najua, Baba. Siwezi."

Bathsheba alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake asijue afanye nini. Kisha huko nyuma, kiti kikaburuzwa sakafuni.

"Ni mimi," Austine akasema. "Samaki wangu walikufa wote. Niliwazika."

Mzee Odoyo aligeuka mzima mzima. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja kwangu na panga, Odoyo. Ningekuambia saa ngapi?"

Mtu mmoja akacheka kwa wasiwasi. Mzee Odoyo aliketi, akaivaa kofia yake, akaivua tena. Dakta Mogire, aliyekuwa mwenyekiti wa siku hiyo, alikuwa na busara ya kutosha kutangaza mapumziko ya chai. Watu wakatoka. Bathsheba alipochungulia ndani baadaye, alimkuta Mzee Odoyo amesimama mbele ya ramani, kidole kwenye maji mafupi, akiita bila kugeuka:

"Austine! Kuja uone. Hapa ni kwako, si ndiyo? Na hapa kwangu. Tulikaa vibaya sote wawili."

Bathsheba aliufunga mlango taratibu akawaacha.

Mambo hayakunyooka yote baada ya hapo. Levis alifaulu vizuri, lakini alipoomba nafasi ya mafunzo katika taasisi moja ya utafiti wa ziwa, alinyimwa kwa sababu ya ile rekodi. Nafasi aliipata Lynnet. Bathsheba aliumia kuliko Levis mwenyewe. Siku hiyo aliondoka kazini mapema, akajifungia nyumbani. Levis ndiye aliyekuja kumtuliza. "Madam, kosa nilifanya," akamwambia. "Wamesoma walichokikuta." Sasa anafanya kazi na chama cha wafugaji wa samaki wa Karungu, akiwapimia maji, na kila muhula Bathsheba hupeleka huko sanduku la vitabu na kompyuta, akaketi nao chini ya paa la mabati wakiuliza na kusoma.

Vizimba vilihamishwa kwenye kina. Pepo za Agosti zilipokuja, zilipiga zikapita, na samaki walikuwa hai.

Juma lililofuata mlinzi wa geti alimpigia Bathsheba simu kwamba kuna wazee wawili wamekuja na ndoo, na wanakataa kuiacha nje. Alipotoka aliwakuta Odoyo na Austine wameishika ndoo moja, huyu upande huu na yule upande ule, imejaa ngege. Wafanyakazi wa maktaba walikula hadi wakashindwa. Samaki waliobaki Bathsheba alienda nao nyumbani Awendo, akawakaanga, akamwekea Clifford mezani.

Clifford alionja, akaongeza ugali.

"Hawa ndio wale samaki wa kesi?" akauliza.

"Ndio hao."

"Basi kesi ilikuwa na maana," akasema, akanyoosha mkono kuchukua wa pili.